Kwa Nini Nasema Kienyeji, Sisemi Asili



Mwezi uliopita kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili kidato cha tatu, ambaye leo ni mtunzi mwenye sauti yake, alinitumia kwa simu shairi la beti saba akiomba nilipitie kabla hajalitoa. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa amepita nyumbani kwangu Dongobesh, nikamfungashia nyanya za bustanini, na shairi lilikuwa ndiyo shukrani yake. Kituo cha kila ubeti kilisema: "Nyanya yetu ya asili, bibi alotuachia." Mizani ilitimia, nane kwa nane. Vina vya kati vilifuatana bila kulazimishwa: asili, mali, kamili, akili. Nililinakili lote katika daftari, maana shairi la kwenye kioo cha simu macho yangu hayaliamini, kisha nikalifuta neno asili na kuandika juu yake kienyeji.

Jibu lake lilikuja usiku uleule. "Shikamoo Mwalimu. Kwanza umenivunjia vina. Pili, kienyeji ni neno la dharau, nami niliandika kukusifu."

Lalamiko la kwanza ni la haki na nilimwomba radhi. La pili ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu ni kweli, na halikupasa kuwa kweli. Nimeona afadhali nimjibu hapa mbele yenu nyote.

Naanza na mmea wenyewe. Nyanya si ya asili kwetu. Wazazi wake wa porini waliota katika nchi za Amerika ya Kusini, pembezoni mwa milima ya Andes; waliomfuga na kumkuza ni wenyeji wa Meksiko, na jina lake la Kinahuatl, tomatl, ndilo lililozaa majina ya Kihispania, Kiingereza na Kifaransa. Wahispania waliichukua baada ya kufika huko karne ya 16. Waitaliano wakaiita tufaha la dhahabu. Hatimaye ikafika kwetu, ikapanda bara, na ikakuta Kiswahili kimejiandaa, kwa kuwa hatukuazima jina lake la nje. Zanzibar na sehemu za pwani wakaiita tungule. Bara tukasema nyanya, jina lilelile analobeba nyanya chungu, ambaye ni mzaliwa halisi wa Afrika. Wataalamu wa mimea wanasema nyanya, nyanya chungu, mnavu, tunguja, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja. Bibi zetu hawakusoma botania, lakini walipomwona mgeni huyu, majani yake na ua lake, walimkalisha pamoja na ndugu zake.

(Wasomaji wa Kenya watanikumbusha kwamba kwao nyanya ni pia mama wa mzazi, na Kamusi inawaunga mkono. Sisi huku tumezoea bibi. Lakini mtunzi wa Kenya ana bahati ambayo sisi tumeipoteza: anaweza kuandika "nyanya ya nyanya" na asieleweke vibaya, kwa kuwa upatanisho wa kisarufi utamsaidia: nyanya yangu amelala, nyanya yangu imeiva.)

Basi mtu anapoiita "nyanya ya asili" anasema jambo ambalo tunda lenyewe lingelikana lingekuwa na mdomo. Asili ni chimbuko, ni shina, ni pale kitu kilipoanzia. Chimbuko la nyanya haliko Mbulu. Haliko Afrika.

Sasa lichukueni neno kienyeji. Linatokana na mwenyeji, na mwenyeji ni mwenye mji: mtu aliye kwake, anayejua maji yanachotwa wapi na mbwa gani hung'ata, mtu ambaye mgeni akija ndiye wa kumpokea. Neno hili halimuulizi mtu babu yake wa kumi alizaliwa wapi. Linamuuliza kama amekaa, na kama watu wa pale wamekubali kwamba amekaa. Kiswahili hakikuona aibu juu ya jambo hili kamwe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumfukuzia mgeni mvivu, lakini isomeni upya: anayepewa jembe amepewa pia kipande cha ardhi cha kulima. Ndio mwanzo wa wenyeji.

Nyanya ninayoizungumzia ilipewa jembe zamani. Mama yangu aliikuta kwa mama yake, huko Kainam, katika ile nchi ya milima ambayo sisi Wairaqw tunaiita Irqwar Da'aw na ambako ukoo wetu mwingi ulitoka kabla ya kutawanyika kwenda Karatu, Babati na Hanang. Ardhi kule ni ya miinuko na imebanana. Watu walijifunza mapema kulala na ng'ombe ndani, kutoa samadi kila asubuhi na kuirudisha shambani, kukinga mteremko usichukuliwe na mvua. Nyanya za mama ziliota kando ya lundo la samadi. Hazikuwa za mviringo kama hizi za matenga. Zilikuwa bapa, zenye mikunjo kama boga dogo, nyekundu inayoelekea waridi, ngozi laini kiasi kwamba ukizibeba kwenye mfuko kutoka bustanini hadi mlangoni mbili zitakuwa zimepasuka. Ladha yake sitaieleza. Nimefundisha fasihi miaka 34 na ninajua neno "tamu" lilivyo maskini.

Mbegu alizihifadhi kwa njia ambayo vijana wa leo wakiiona watadhani ni uchafu. Alichagua tunda kutoka kwenye mche uliozaa mapema na kukaa mzima, si tunda kubwa kuliko yote. Aliliacha lichakae kwenye mti hadi likaribie kuanguka. Alilikamua katika kibuyu, akaacha ule ute na mbegu vichachuke siku mbili tatu mpaka juu papande povu, kisha akaosha. Mbegu nzuri zikazama, pepe zikaelea. Zile zilizozama alizipaka kwenye ukuta wa udongo jikoni, mahali ambapo moshi unafika lakini moto haufiki. Pale zilikauka na kushika. Msimu ukifika alizikwangua kwa ukucha. Ukuta wa jiko la mama ulikuwa na mbegu za nyanya, maboga na mumunye, kila aina na mahali pake, nasi watoto tulijua kuusoma kabla hatujajua a, e, i, o, u.

Baadaye nilikuta vitabu vya kilimo vikieleza mambo yaleyale kwa maneno mengine: kuchacha kwa ute huondoa utando unaoizuia mbegu kuota na hupunguza baadhi ya magonjwa yanayosafiri juu ya ganda. Nyanya hujichavusha yenyewe ndani ya ua lake, kwa hiyo mche wa aina iliyokwisha kutulia huzaa mtoto anayefanana naye, mwaka hadi mwaka, bila kuhitaji ulinzi mkubwa. Ndiyo maana mtu asiye na maabara anaweza kuitunza aina moja kwa vizazi vitatu. Kwa mahindi asingeweza kirahisi hivyo, maana chavua ya mahindi hupeperushwa na upepo na jirani yako ndiye anayeamua.

Sasa nitasema kosa langu. Mwaka 2009, nikiwa bado kazini, nilinunua dukani pakiti ya mbegu chotara. Nilivutiwa na picha. Sitaitukana mbegu ile, kwa sababu ilifanya kila kitu ilichoahidi: matunda sawasawa kama yametoka kiwandani, ngozi ngumu, mavuno ambayo mke wangu aliyauza kwa sado hadi majirani wakauliza tumetia nini. Nikang'oa za mama kupata nafasi. Sikuhifadhi hata tunda moja, nikijiambia kwamba mbegu nitazitoa katika hizi mpya. Msimu wa pili nikasia mbegu za zile chotara, na kitalu kikanipa shamba la watoto wasiojuana: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja anazaa vitunda vidogo, mwingine hazai. Mwalimu wa kilimo, mwenzangu wa chumba cha walimu, alicheka sana. Akanieleza kwamba chotara ni uzao wa kwanza wa wazazi wawili tofauti, na kwamba uzao wa pili lazima utawanyike. Wauzaji hawakunidanganya, mimi ndiye sikuuliza. Mama alikuwa amefariki miaka minne kabla ya hapo, jiko lake limebomolewa na kujengwa la matofali.

Hili neno chotara nalo linanikera, lakini kwa sababu nyingine. Limetumiwa miaka mingi kumtaja mtu aliyezaliwa na wazazi wa rangi mbili, na aghalabu kwa kumsimanga. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyeitwa hivyo bwenini na nikaona lilivyomfanya. Kwenye pakiti ya mbegu neno lilelile ni sifa, linaandikwa kwa herufi kubwa na bei yake iko juu. Kwa hiyo lugha yetu imefanya jambo la ajabu: mtu mchanganyiko amedharauliwa, mbegu mchanganyiko imetukuzwa, mtu mwenyeji anaheshimiwa, mbegu ya kienyeji inadharauliwa. Sijui mshairi anayeweza kupita kando ya tambara hili asiliokote.

Dharau ya neno kienyeji ilianzia wapi? Nami nilishiriki. Nilitoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 80 na shule zetu bado zilikuwa na mashamba, matunda ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Wazo lilikuwa zuri. Lakini mwanafunzi akichelewa tulimpa adhabu gani? Jembe. Akizungumza lugha ya kwao darasani? Jembe. Baada ya miaka kumi ya namna hiyo usishangae kijana akihusisha kila kilicho cha kijijini na kosa. Darasani tulisahihisha insha na kuandika pembeni "umeandika kienyeji", tukimaanisha ovyo. Mtaani fundi akiunga waya vibaya wanasema kaunga kienyeji. Ofisini jambo likifanyika bila utaratibu limefanywa kienyeji. Neno la mwenye mji likawa neno la mtu asiye na utaratibu.

Ndipo likaja asili, kama nguo safi inayovalishwa juu ya kidonda. Mganga wa kienyeji akapata sheria mwaka 2002 na jina jipya, Tiba Asili. Lugha zilizoitwa za kienyeji na wakoloni zikawa lugha za asili. Mboga za kienyeji zikaanza kuitwa mboga za asili katika semina. Naelewa nia, na kwa tiba na lugha sina ubishi, maana humo asili ni kweli. Ninachokataa ni desturi ya kulitupa neno kila linapochafuka badala ya kulifua. Leo tumekimbilia asili. Matangazo yanaliparamia hadi kwenye sabuni na maji ya chupa, na baada ya miaka 20 litakuwa limechoka nalo. Tutakimbilia wapi tena?

Mfano wa neno lililofuliwa upo, tena haukufuliwa na wasomi. Kuku wa kienyeji. Nendeni mnadani Katesh au Haydom, au hoteli yoyote ya barabarani kutoka Babati hadi Singida, muulize bei. Kienyeji pale si tusi hata kidogo; ndiko kunakolipiwa zaidi, na mwenye kuku wa banda la kisasa angependa sana kumwita hivyo kama mlaji asingegundua kwa mfupa. Wapishi na walaji wamefanya kazi ambayo washairi tumeshindwa.

Narudi kwa mbegu. Dada yangu aliolewa Hanang mwaka 1978, upande wa Katesh, na alipoondoka mama alimfungia mbegu kwenye pembe ya khanga. Sikujua. Wanaume hatukuwa watu wa kuambiwa mambo ya mbegu za jikoni. Mwaka 2016, nimestaafu mapema kwa sababu ya mgongo, nilikwenda kumtembelea, nikaingia uani kunawa, na mbele yangu zikaning'inia zile nyanya bapa zenye mikunjo. Nilisimama na maji yananitiririka mkononi. Dada alinicheka akaniambia kwa Kiiraqw jambo ambalo Kiswahili chake ni kama hivi: ulidhani mama alikuwa na mtoto mmoja? Nilirudi Dongobesh na mbegu kwenye bahasha ya mtihani wa zamani.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa ya usiku, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Nchi nzima ilisikia, na sitaongeza maneno juu ya misiba ya watu wengine. Dada alinusurika kwa kuwa alikuwa amekwenda kanisani na wajukuu. Nyumba ilibaki kuta mbili. Bustani haikubaki, pale palipokuwa na matuta palikuwa na tope lililokauka likawa kama sakafu, limefika kiunoni mwangu, na ndani yake kiatu cha mtoto ambacho hatukujua ni cha nani.

Machi iliyofuata nilimpelekea miche 30. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa na mbegu. Nilizisia kwenye kitalu katikati ya Januari; huku juu kwetu kwenye baridi miche hukawia, ikachukua karibu wiki sita kufikia unene wa kalamu. Dada alikuwa akiishi kwa mwanawe, na nafasi ilikuwa upana wa mlango kando ya choo. Aliatika 12, nyingine akagawa kwa wanawake waliokuwa wamepoteza bustani kama yeye. Hakusema asante, kwetu mbegu haishukuriwi, wanasema ukiishukuru haishiki. Alisema tu kwamba nimezikuza ndefu mno na zimekosa jua.

Kwa hiyo, kijana wangu, unaponiambia kienyeji ni dharau, najua kwamba dharau hiyo ilinigharimu. Ningeliita tunda la mama kwa neno nililoliheshimu, nisingeling'oa kwa ajili ya picha ya pakiti. Neno halioteshi mmea, lakini huamua ni mche upi unaong'olewa nafasi inapokuwa finyu.

Wapo watakaosema nimepagawa na mambo ya zamani. Hapana. Nyanya ya mama ina aibu zake na nitazitaja. Haisafiri, ukiijaza katika tenga kwenda Arusha itafika mchuzi. Hutambaa sana na hudai fito za kuiegemeza. Mwezi Aprili, mvua zikikolea na ukungu ukishuka, bakajani chelewa huipiga ndani ya siku nne, na mkulima anayetegemea nyanya kwa ada ya shule hawezi kula mashairi. Anayelima kwa soko alime mbegu ya soko. Nimetetea uani tu, na matuta mawili matatu nyuma ya jiko.

Hata mbegu za kitaalamu hazilingani. Mwaka 1997 watafiti wa kilimo cha bustani Tengeru, pamoja na kituo cha kimataifa cha mboga kilichoko huko Arusha, walitoa nyanya mbili, Tengeru 97 na Tanya. Si chotara, mkulima anaweza kuhifadhi mbegu yake na ikazaa inavyofanana. Nazipenda, na napenda hasa jina la ile ya kwanza, linalobeba mahali na mwaka kama mtu aliyezaliwa kwa kujulikana. Jirani yangu, ambaye zao lake kubwa ni vitunguu swaumu, amekuwa akiitunza Tengeru 97 uani kwa miaka kadhaa, na wajukuu wake wanaiita nyanya ya babu. Mpeni jembe. Huyo naye anakuwa mwenyeji.

Kuna na sheria. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu inayouzwa iwe imekaguliwa na kuthibitishwa, na kuna daraja la chini yake ambalo wakulima wenyewe wanaweza kuzalisha kwa usimamizi, linaloitwa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora. Sipingi ukaguzi, nimeona watu wakiuziwa mbegu zilizopakwa rangi tu. Mbegu zangu siziuzi, nagawa. Lakini "kuazimiwa ubora", hebu itamkeni. Hii ni lugha ya mtu aliyetafsiri akiwa na haraka. Mkulima wa Bassotu akisikia anafikiri ubora umeazimwa na kesho mwenyewe atakuja kuuchukua.

Nisiwaonee watafsiri wa kilimo, kwa maana wengine wamewazidi washairi. Bakajani tangulia na bakajani chelewa: ni nani aliyeyafinyanga majina haya ya magonjwa? Baka, jani, na wakati wa kuja kwake, vyote katika mfinyango mmoja ambao hata mtoto anaufumbua. Na yule mdudu mtoboa majani aliyeingia nchini mwaka 2014, naye pia ametoka Amerika ya Kusini kama aliyekuwa akiifuata nyanya kwa deni la zamani, wakulima hawakumsubiri mtaalamu. Walimwita kantangaze. Yaani nenda ukanitangaze. Akiingia shambani kwako huna siri tena. Kesho kijiji kizima kitajua kwamba umeliwa. Sentensi nzima imekunjwa ikawa nomino, na ndani yake kuna mdudu, mkulima, aibu na majirani. Huo ndio ushairi, malenga wenzangu, na umetungwa na mtu aliyekuwa na bomba la dawa mgongoni.

Ninayasema haya nikiwa mimi mwenyewe mgeni aliyepewa jembe. Lugha ya mama yangu si ya Kibantu. Ni ya Kikushi, haina ngeli za mtindo wa ki-vi wala m-wa, na nilipoanza darasa la kwanza sikuweza kuomba ruhusa ya kwenda haja kwa Kiswahili. Ushairi nilikuwa nao, lakini ulikuwa wa slufay, ambamo mzee husimama mbele ya watu na kumwaga maneno ya baraka, na waliokaa humwitikia. Vina na mizani nilivikuta shuleni. Aliyenipa moyo alikuwa Mathias Mnyampala, ambaye hatukukutana kamwe, alikufa mwaka 1969 nikiwa mchunga ndama. Mgogo wa Dodoma, mtu wa bara kama mimi, aliyeichukua lugha ya pwani na kuirudishia ngonjera. Tuliziimba gwarideni hadi sauti zikakauka. Hakuna mtu leo anayemwita Mnyampala mgeni katika ushairi wa Kiswahili. Na mashairi huria, ambayo Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 yalipokelewa na wanamapokeo kama mwizi aliyeingia kupitia dirishani, nayo leo yana kiti chake barazani. Mimi siyapendi sana, nakiri. Lakini ni wenyeji.

Tukianza kupima mashairi kwa asili, wengi wetu tutatoka nje. Tukiyapima kwa uenyeji, tutaulizana maswali ya maana: amekaa? Amelima? Amezaa? Watu wa pale wamemwitikia?

Kijana hakukubali mara moja, na nilifurahi, kwani mwanafunzi anayekubali upesi huwa hajasikia. Tulijibizana kwa simu siku tatu. Alidai kwamba "nyanya yetu kienyeji" imekula kiunganishi ya, na kwamba kama angefanya hivyo yeye kidato cha tatu ningemkata alama. Ningemkata. Nikamwambia inkisari ni haki ya mtunzi anayejua anachokata. Siku ya nne akaleta ubeti wake upya, nami naunakili kwa ruhusa yake:

Katoka mbali kwa maji, bahari kuivukia,
Mgeni leo mwenyeji, jembe alishikilia,
Amekuwa wa kijiji, na wana katuzalia,
Nyanya yetu kienyeji, bibi alotuachia.

Mshororo wa kwanza unasema jambo moja mara mbili, maji na bahari, na nimemwandikia hivyo. Beti sita zilizobaki bado zina asili na anatafuta vina vya ji. Nimemkumbusha mtaji, mfugaji, ulaji na kipaji, asinitumie maji tena.

Msimu huu nimesia katika masanduku mawili ya mbao. Hadi jana jioni miche 41 ilikuwa imetoa majani ya kweli, na kuku wa jirani, ambao ni wa kienyeji, wameshaniharibia mitano. Atakayepita Dongobesh kabla ya mwisho wa mwezi aje na kopo la kubebea udongo, kwa kuwa ya kwangu yamekwisha.